Waimbaji Wawili, Kikombe Kimoja

Sauti haikutoka.

Kwan Lai-ngo alifungua kinywa tena mbele ya kioo cha chumba cha kuvalia, akajaribu ile sauti ya juu, nyembamba kama uzi wa hariri, iliyompa jina kutoka Kanton hadi San Francisco. Ulitoka upepo mtupu. Akashika koo. Lilikuwa linawaka kama limepakwa pilipili. Ile chai aliyokuwa akiinywa tulipoachana naye ilikuwa bado mezani, imebaki nusu kikombe.

Mlango ukagongwa kwa ngumi.

"Dada Lai-ngo! Fungua!" Alikuwa Bwana Leung, meneja wa kundi. "Ofisa wa uhamiaji ameshafika na mkalimani wake. Nimewaketisha juu roshanini, nimewapa karanga. Anasema amekuja kukusikia wewe. Wewe, si mwingine! Na meli ya Hong Kong iko bandarini. Asiyeimba, anapanda leo leo."

Msomaji uliyelikosa gazeti la juma lililopita, shika haya tu. Amerika ya siku zile ilikuwa imemfungia Mchina mlango. Mwimbaji wa opera peke yake ndiye aliyepenyezwa dirishani: kaa, lakini uimbe. Siku usipoimba, safari.

Lai-ngo aliuzwa kwa kundi la waigizaji akiwa bado anang'oka meno ya utoto. Alikulia ndani ya mashua zao, wakizunguka mito ya Kanton na kuimba kwenye sherehe za vijiji, mpaka siku alipovuka bahari na kuwa malkia wa jukwaa la mtaa wa Wachina. Huku akaolewa na mpiga zeze wa kundi. Mpiga zeze akafa kwa kifua. Akamwachia binti, Bo-wan.

Na Bo-wan, wakati huu tunaozungumza, alikuwa amelazwa hospitali ya mtaa huohuo, amefungwa plasta kuanzia mbavuni hadi magotini. Kifua kikuu kilikuwa kimemwingia mfupa wa nyonga. Daktari alikuwa amesema jambo moja tu, akalisema kwa kidole juu: mtoto asitikiswe. Akitikiswa kabla mfupa haujashika, mguu umekwenda.

Kwa hiyo mama akipandishwa meli, mtoto anabaki. Hapo ndipo tulipo.

Lai-ngo alifungua mlango. Alinong'ona, na hata mnong'ono ulimkwaruza.

"Nimewekewa kitu kwenye chai."

Bwana Leung aliketi juu ya sanduku la mavazi bila kuangalia kama lina mtu au nguo. "Usiniambie hivyo. Niambie mafua. Niambie umelia usiku kucha. Hilo usiniambie."

"Ni Suet-mui."

"Ala!"

"Nani mwingine? Ni nani anayepata nikikosa?"

Kweli, ni nani? Fung Suet-mui alikuwa amefika na meli ya masika, mdogo, mrembo, kinywa kipana. Tangu afike, mabango yake yalianza kubandikwa juu ya mabango ya Lai-ngo, na gundi ikiwa bado mbichi. Wawili hawa walikuwa hawali meza moja. Walikuwa hawapishani kwenye ngazi bila mmoja kumkanyaga mwenzake pindo la nguo.

Basi kama aliyeitwa, Suet-mui akatokea mlangoni, uso nusu umepakwa rangi, nusu haujapakwa.

"Mbona kelele? Malkia hataki kuimba leo?"

Kofi lilimpata kabla hajamaliza. Rangi nyekundu ya shavu lake ikabaki kiganjani mwa Lai-ngo.

"Umeniua," Lai-ngo alinong'ona. "Umemuua mwanangu."

Suet-mui hakulia, wala hakurudisha kofi. Alitazama kikombe, akatazama koo la mwenzake lililovimba, na akaelewa.

"Sikiliza wewe," alisema taratibu. "Mimi sikupendi. Kila mtu anajua. Unaimba kama mtu anayedai heshima, na mimi naona umeshachakaa. Lakini Kanton ananingoja jenerali aliyenioa kwa bunduki. Mke wake wa tatu alijaribu kutoroka, akamkata sikio. Mimi nilitoroka na vazi la jukwaani mwilini, sikuwa na hata soksi. Nikitimuliwa hapa, nimekufa. Sasa nimtilie sumu mwimbaji wa kundi linaloniweka hai, na ofisa yuko roshanini anakula karanga? Nina wazimu?"

"Maneno mazuri," Lai-ngo alisema. "Unaigiza vizuri."

"Unaona naigiza?"

Suet-mui akakichukua kile kikombe.

"Usinywe!"

Ukelele ule haukutoka kwa Lai-ngo, wala kwa Bwana Leung. Ulitoka pembeni, nyuma ya pazia la nguo, na aliyeutoa alikuja mbio na mikono mbele, pini za nywele zinamwanguka. Alikuwa Shangazi Gam.

Alichelewa. Suet-mui alikuwa ameshakigeuza kikombe chote, mpaka machicha ya chini, na kukirudisha mezani kwa kishindo.

Wote wakamgeukia mama yule.

Shangazi Gam, mama aliyepita umri wa makamo, ndiye aliyemvalisha Lai-ngo tangu siku alipouzwa. Alimsuka, alimchua miguu, alimlisha uji wa mchele kwa kijiko alipougua surua. Alimpokea Bo-wan kwa mikono yake mwenyewe, maana mkunga alichelewa. Msomaji, hakuna aliyemwita mtumishi.

"Shangazi," Lai-ngo alisema. "Ulijuaje kuna kitu kwenye chai?"

Mama yule aliketi chini sakafuni, palepale.

"Ni majani tu," alisema. "Yanakausha koo. Hayaui. Sauti itarudi baharini, kabla hatujafika."

"Hatujafika wapi?"

"Nyumbani, mwanangu. Kila mwaka nakuomba turudi. Kila mwaka unaniambia mwaka ujao. Mimi nimeingia huku kwa kibali cha jina lako, siwezi kutoka bila wewe. Mume wako tumemzika kwenye udongo wa watu. Mimi nizikwe hapo pia? Nani atakuja kunifagilia kaburi, polisi?"

"Na Bo-wan?" Lai-ngo alimshika mabega. "Bo-wan yuko ndani ya plasta! Ulimfikiria Bo-wan?"

"Nilimfikiria," Shangazi Gam alisema.

Bwana Leung alikuwa amenyanyua kigoda ampige nacho. Lai-ngo akamshika mkono. "Mwache. Hakuna wakati."

Na kweli haukuwepo. Upatu ulikuwa umelia mara ya kwanza. Ukumbi ulikuwa umejaa hadi kwenye ngazi, maana ilikuwa Jumapili mchana, siku pekee ambayo wafua nguo na wapishi wa mtaa ule walikuwa na mapumziko. Naye Suet-mui, aliyekunywa machicha, alikuwa ameanza kushika koo lake mwenyewe, macho yanamtoka.

"Nipe... maji," alisema. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoyatoa kwa sauti siku ile.

"Nimekwisha," Bwana Leung alisema. "Waimbaji wawili, wote mabubu. Nimekwisha, nimekwisha, nimekwisha."

"Nyamaza kidogo, nifikirie."

"Ufikirie nini? Watu wamekuja kumwona binti mfalme! Binti mfalme anakoroma?"

Lai-ngo alikuwa akijitazama kwenye kioo. "Kuna mama," alisema.

"Mama gani?"

"Mwenye mwana aliyekufa vitani. Anakuja kwenye lango la mji kumwita, miaka na miaka. Amelia mpaka sauti imekatika. Kwenye mchezo wetu amewekwa mwishoni, anaimba kidogo na kuondoka. Leo aanze yeye. Abaki yeye."

Bwana Leung akafikiri. Akamtazama Lai-ngo, akamtazama Suet-mui. "Mama yuko mmoja," alisema polepole. "Siwezi kuweka wawili langoni."

Mmoja wao angeonekana akifanya kazi. Mwingine, je?

Suet-mui hakuweza kusema. Akachukua kitambaa, akajifuta rangi usoni, yote. Kisha akachukua lile vazi la kijivu la mama mwombolezaji, likiwa limening'inia kwenye msumari, akamtupia Lai-ngo kifuani. Akaonyesha kwa kiganja kimo cha mtoto.

Lai-ngo alilidaka vazi lile. Mwanamke aliyempiga kofi punde tu!

Suet-mui akamfukuza kwa mkono, kama anayefukuza kuku. Nenda. Nenda basi!

Lai-ngo akavaa haraka. Alipofika kwenye mkanda alinyoosha mikono pembeni, kwa mazoea, afungwe. Hakufungwa. Akageuka. Shangazi Gam hakuwepo tena chumbani, na hakuna aliyemwona akitoka.

Hakuwa na nafasi ya kuuliza. Upatu ulilia mara ya mwisho.

Alitoka jukwaani ameinama, unga wa majivu usoni badala ya rangi. Ukumbi ulinguruma kwa furaha, kisha ukasita. Huyu ni nani? Wapi taji? Wapi mikono mirefu ya hariri?

Akaanza kuimba.

Ilikuwa sauti ya mlango mkavu. Ilikatika katikati ya mstari wa kwanza, ikarudi, ikakatika.

"Wanachinja kuku gani huko?" mtu alipiga kelele kutoka nyuma.

"Mwambie binti mfalme aje, bibi yake tumemchoka!"

Watu wakacheka. Maganda ya karanga yakaruka. Kule roshanini, ofisa, jina lake Bwana Prewitt, akajinyoosha kwenye kiti na kumnong'oneza mkalimani kitu. Lai-ngo aliliona lile.

Mpiga zeze alikuwa kijana aliyefundishwa na marehemu mumewe. Alielewa bila kuambiwa. Akalishusha zeze chini kabisa, akawazuia wa matoazi kwa jicho, akamwachia nafasi. Lai-ngo akasikia nafasi ile. Akaacha kuifukuza sauti ya juu. Akawa anasema tu na zeze linamsindikiza, kisha akaimba neno moja, kisha jingine, na kati ya maneno hayo akawa anapumua kwa shida mbele ya watu wote.

Alikuwa anamwita mwana. Alipiga lango kwa kiganja. Alisema, fungua, mwanangu, nimekuletea wali, umepoa, nitaupasha. Hayo ya wali hayakuwemo kwenye mchezo. Yalimtoka tu, maana asubuhi ile alikuwa ameyasema kitandani kwa Bo-wan.

Yule wa nyuma aliyeuliza kuhusu kuku hakuuliza tena.

Msomaji, ukumbini mle walikuwemo wanaume ambao mama zao walizikwa wakati wao wakiwa huku, wanapiga pasi mashati ya watu. Mmoja alivua kofia. Mwingine akaiweka yake machoni. Lai-ngo alipofika mstari wa mwisho koo lilifunga kabisa, mdomo ukawa wazi na hakuna kinachotoka, na alibaki hivyo, mkono kwenye lango, mpaka mtu mmoja akaanza kulia kwa sauti na ukumbi mzima ukamfuata.

Kule juu, Bwana Prewitt alikuwa ameacha karanga.

"Tong," alimwambia mkalimani. "Niambie ukweli. Huyu mwanamke anaimba, au anaumwa?"

Tong Siu-bak alikuwa na suti safi, mshahara wa serikali, na maadui wengi mtaani kwa sababu ya vyote viwili. Alifuta miwani. Alichukua muda mrefu kuifuta.

"Anaimba, bwana," alisema. "Hivyo ndivyo inavyoimbwa."

"Sawa. Abaki."

Hapo, ndugu zangu, ningeweza kuweka kalamu chini na sote tukalala vizuri. Lakini Bwana Prewitt aliinuka na kusema, "Sasa twende nyuma. Nasikia wana wawili."

Lai-ngo alikuwa bado anapongezwa gizani nyuma ya jukwaa, Bwana Leung anambusu mikono, aliposikia kikohozi. Kilitoka kwenye stoo ya mapazia. Kikavu, kirefu, cha mtu anayejaribu kukizuia na kushindwa.

Ofisa, aliyekuwa ameshafika nyuma na Tong, alifungua mlango wa stoo kwa mguu. Akamtoa Suet-mui kwa mkono.

"Huyu ni nani? Mbona hana vazi? Mbona hana rangi usoni? Leo kafanya kazi gani?"

"Ana mafua, bwana," Tong alisema.

"Kila Mchina ninayemkamata ana mafua. Mwambie aimbe. Mstari mmoja tu, niende zangu."

Tong akatafsiri. Suet-mui alifungua kinywa. Mishipa ya shingo ilimsimama, machozi yakamtoka, na hakuna hata mlio. Akajaribu tena. Akamtazama Bwana Leung. Bwana Leung akatazama viatu vyake.

"Nilivyofikiria," ofisa alisema. "Meli bado ipo. Twende, binti."

Suet-mui hakupiga kelele, angezipigaje? Alishika nguzo ya jukwaa kwa mikono miwili. Ofisa akaanza kumbandua kidole kimoja kimoja.

Lai-ngo alisimama pale na vazi la mama mwombolezaji. Amesalimika. Habari ilikuwa imeshashuka kutoka roshanini: abaki. Hospitali ilikuwa hatua chache kutoka pale, na jioni angeketi kando ya kitanda cha mwanawe. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza, na kunyamaza siku ile kulikuwa rahisi kuliko kitu chochote.

Suet-mui alimwona. Akatikisa kichwa: usithubutu.

"Mwambie," Lai-ngo alimwambia Tong kwa mnong'ono, "sote tumekunywa kikombe kimoja. Mwambie mimi pia sina sauti."

Tong akageuka mweupe. "Bi Kwan, rudi ndani. Nimeshakuokoa. Unataka kunizika?"

"Anasema nini?" ofisa aliuliza.

"Anamuaga mwenzake, bwana."

Basi Lai-ngo akampita Tong, akasimama mbele ya ofisa mwenyewe. Kiingereza chake chote alikuwa amekiokota wodini, kwa wauguzi wa Bo-wan. Akakitoa kilivyo.

"Mimi dawa mbaya," alisema, akionyesha koo lake. "Yeye dawa mbaya. Kikombe moja. Mimi kuimba hapana. Koo imekufa. Yeye mwema. Yeye nipa nguo."

Bwana Prewitt alimwachia Suet-mui. Alimtazama Lai-ngo, kisha Tong.

"Wewe uliniambia nini kule juu?"

"Uliniuliza kama anaimba," Tong alisema. "Aliimba, bwana. Ulikuwepo."

Ofisa akavuta kigoda kwa mguu, akaketi. Inaonekana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye saa mfukoni.

"Mwambie hivi," alisema. "Kama walinyweshwa, hilo ni kosa la jinai, na wao ni mashahidi. Mashahidi hawapandi meli. Nitawaacha wote wawili mpaka koo zifunguke. Lakini nataka aliyewanywesha. Jina lake. Bila jina sina kosa lolote mbele yangu, nina wanawake wawili wasiofanya kazi, na wote watapanda."

Tong akatafsiri, neno kwa neno safari hii.

Jina. Kumtaja Shangazi Gam ni kumpeleka jela ya watu asiojua hata lugha yao, mama aliyemfunza kutembea jukwaani, aliyemlisha kwa kijiko. Kutomtaja ni kumuua Suet-mui na kumwacha Bo-wan.

"Dada Lai-ngo," Bwana Leung alinong'ona. "Sema. Mungu atakusamehe."

Suet-mui aliketi chini, mgongo kwenye nguzo, akingoja kama mtu asiye na haki ya kuomba.

Mara mlango wa uani ukafunguliwa kwa kishindo. Aliingia muuguzi wa hospitali ya mtaa, binti wa Kichina, amevaa kofia nyeupe upande, anahema, amekimbia njia yote.

"Mama Bo-wan! Mama Bo-wan yuko wapi?"

"Niko hapa."

"Wewe? Mbona uko hapa?" Binti yule alirudi nyuma kidogo. "Si wametuambia umekamatwa?"

"Nani kakuambia?"

"Bibi yake Bo-wan, yule anayekuvalisha! Kaja na wachukuzi wawili na machela. Kasema ofisa amekupandisha meli, wewe umeshatangulia, na umeagiza mtoto akufuate. Alikuwa analia, sote tulimwamini. Mimi nilikuwa wodi nyingine. Nimerudi nimekuta kitanda kitupu." Akaanza kulia. "Wamemteremsha ngazi zile nyembamba, mama. Wagonjwa wanasema mtoto alikuwa anapiga mayowe. Anasema mguu, mguu."

Lai-ngo hakusubiri zaidi. Aliruka kuelekea mlango wa uani, na vazi la kijivu likanasa kwenye msumari likachanika, na alikuwa ameshaushika mlango kwa vidole wakati mkono mzito ulipomkamata kifundo cha mkono na kumrudisha ndani.

Bwana Prewitt hakuelewa Kichina hata neno. Alichokiona ni shahidi anakimbia.

"Hapana, mama," alisema, na kukaza. "Jina kwanza."